Wimbo Una Wenyewe: Roki na Muziki wa Jadi Nchini Argentina

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha tukaridhika. Tukikutana na kazi iliyochanganya ya nyumbani na ya kigeni, huwa tunafanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunaisifu kwa kuwa imeoanisha ya kale na ya kisasa, ama tunailaani kwa kuwa imechafua asili. Tuseme ukweli: hawa wanaosifu na hawa wanaolaani hawapishani sana kama wanavyodhani. Wote wanaangalia kitu kile kile, yaani ala gani imewekwa pamoja na ala gani, na mdundo gani umepandikizwa juu ya mdundo gani. Swali ambalo halipati kuulizwa ni hili: katika mchanganyiko huo, mwenye ngoma yuko wapi? Amealikwa, ameibiwa, au anahesabiwa kuwa alishakufa zamani na ngoma imebaki haina mwenyewe?

Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kupitia historia ya muziki wa roki nchini Argentina, hasa kati ya mwaka 1967 na 1985. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wa huko walihangaika kwa karibu miaka 20 kuioa roki na muziki wa jadi, na hatua zao zinaonekana moja baada ya nyingine kwenye santuri walizoacha. Pili, katikati ya safari hiyo nchi ilitawaliwa na wanajeshi waliowateka na kuwaua raia wao, kwa hiyo suala la nani aimbe nini halikuwa mchezo wa darasani. Hoja yetu ni kwamba mchanganyiko ule ulikuwa mchanga wanaroki walipozitumia ala za jadi kama mapambo, na ukakomaa pale walipofunga safari kuwafuata wenye nyimbo na kuwaachia nafasi ya kuimba kwa vinywa vyao wenyewe.

Jadi nayo ina tarehe ya kuzaliwa

Kabla ya kuwalaumu au kuwasifu vijana wa roki, hebu tuitazame hiyo jadi yenyewe. Wengi huzungumza kana kwamba jadi ni kisima kilichochimbwa na Mungu. Historia ya Argentina inaonyesha vingine.

Chukua mfano wa mchunga ng'ombe wa nyanda za pampa, anayeitwa gaucho. Mwaka 1872 José Hernández alichapisha utenzi wa Martín Fierro, na sehemu yake ya pili ikatoka mwaka 1879. Utenzi huo umetungwa kwa beti za mishororo 6 yenye mizani 8, na mshororo wa kwanza hauna kina cha kushirikiana na mingine. Ni malalamiko ya maskini aliyenyakuliwa na serikali akapelekwa jeshini mpakani, akarudi hana nyumba wala familia. Sasa angalia mambo yalivyogeuka. Mwaka 1913 mshairi Leopoldo Lugones alitoa mihadhara mjini Buenos Aires akimtangaza Martín Fierro kuwa ndiye shujaa wa taifa, na mwaka 1916 akaitoa mihadhara hiyo kama kitabu. Wakati huo gaucho wa kweli alikuwa karibu kwisha, maana nyanda zilishazungushiwa seng'enge na miji ilikuwa inafurika wahamiaji kutoka Italia na Hispania. Yaani mtu yule yule aliyesakwa na polisi alipokuwa hai, alijengewa sanamu alipoacha kuwa tishio. Tukumbuke jambo hili, maana litajirudia.

Muziki nao ulikuwa mchanganyiko toka zamani. Katika mabonde ya kaskazini magharibi huimbwa baguala, wimbo wa noti 3 tu, unaoambatana na kingoma kidogo kiitwacho caja, huku sauti ya mwimbaji ikikatika na kuruka juu kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Noti zake ni za wenyeji wa milima ya Andes. Lakini maneno yake yanafuata ubeti wa copla, wa mishororo 4 yenye mizani 8, ambao ulitoka Hispania. Katika mkoa wa Santiago del Estero kuna ngoma ya chacarera inayopigwa kwa fidla, gita na bombo, ngoma kubwa ya gogo lililotobolewa na kuwambwa ngozi yenye manyoya. Kaskazini mashariki kuna chamamé, ambamo kodiani ya Ulaya inazungumza na watu wa Kiguarani. Hata neno milonga, ambalo ni jina la wimbo wa gita na pia la dansi, wanaisimu wengi wanalirudisha kwenye Kimbundu cha Angola, ambako maana yake ni maneno au mazungumzo. Msomaji anayekijua kitenzi kulonga hahitaji kuelezwa zaidi. Neno hilo lilivuka Atlantiki ndani ya meli za watumwa.

Kwa hiyo anayesema roki ilikuja kuchafua kitu safi, atuonyeshe kwanza huo usafi ulikuwa wapi.

Serikali nazo ziliipenda jadi kwa namna zao. Mwaka 1949 utawala wa Juan Perón uliagiza kwamba nusu ya muziki unaopigwa kwenye kumbi uwe wa kitaifa. Hatua hiyo iliwapa wapigaji wa jadi kazi nyingi, hasa kwa kuwa maelfu ya watu wa mikoani walikuwa wamehamia Buenos Aires kutafuta ajira viwandani. Lakini katika utawala huo huo, Atahualpa Yupanqui, mtunzi mkubwa kuliko wote wa nyimbo za mashambani, alikamatwa na kuwekwa ndani kwa sababu ya ukomunisti wake. Jadi ilitakiwa, mwanajadi mwenye kauli hakutakiwa. Mwaka 1961 lilianzishwa tamasha la taifa la muziki wa jadi katika mji mdogo wa Cosquín, mkoani Córdoba, na miaka ya 60 ikawa miaka ya neema kwa vikundi vya zamba na chacarera.

Borges na ngamia wake

Mjadala huu wanafasihi wa Argentina walikuwa wameshauanza kabla ya wanamuziki. Mwaka 1951 Jorge Luis Borges alitoa mhadhara kuhusu mwandishi wa Argentina na mapokeo. Hoja yake ilikuwa kwamba mwandishi hahitaji kurundika farasi na pampa ili athibitishe kwamba yeye ni Mwaargentina. Kama mfano alitaja Kurani, akisema haina ngamia hata mmoja, na kwamba kukosekana kwao ndiko kunakothibitisha kuwa ni kitabu cha Waarabu, kwa sababu Mwarabu hana haja ya kumtaja ngamia.

Msomaji wa pwani atacheka hapa, na ana haki. Ngamia wamo, tena yule ngamia jike wa Nabii Saleh ni kisa kinachojulikana hata na watoto wa chuoni. Mfano umeanguka. Hoja yenyewe, hata hivyo, inasimama: mtu anayeipamba kazi yake kwa alama za nyumbani mara nyingi ni yule anayeitazama nyumba kutoka nje. Ila Borges aliishia kwenye haki ya mwandishi kuchukua popote anapotaka. Hakuuliza kama wale wanaochukuliwa nao wana la kusema.

Swali hilo liliulizwa upande wa nyimbo. Tarehe 11 Februari 1963, mjini Mendoza, kundi la washairi na wanamuziki lilitoa ilani ya wimbo mpya. Kati yao walikuwemo mshairi Armando Tejada Gómez, mtunzi Oscar Matus na mwimbaji kijana wa Tucumán, Mercedes Sosa. Walikataa muziki wa jadi wa kuwafurahisha watalii, wakakataa pia ule ukuta uliojengwa kati ya tango ya mjini na ngoma za mikoani. Walitaka wimbo unaomtazama mtu wa leo. Ilani hiyo haikuitaja roki, maana roki ya Kihispania yenye uzito ilikuwa bado haijazaliwa. Lakini mlango walikuwa wameuacha wazi.

Roki yajifunza Kihispania

Mwaka 1967 kikundi cha Los Gatos, kilichoongozwa na Litto Nebbia wa kutoka Rosario, kilitoa wimbo wa La balsa, uliotungwa na Nebbia pamoja na Tanguito. Ulizungumzia hamu ya kujenga chelezo na kuondoka. Kabla ya hapo wapigaji wengi walikuwa wakiiga nyimbo za Kiingereza au kuzitafsiri. Sasa ilionekana kwamba kijana anaweza kulalamika kwa lugha ya mama yake, na watu wakanunua. Ikumbukwe kuwa tangu mwaka 1966 nchi ilikuwa chini ya Jenerali Onganía, ambaye polisi wake waliwapiga virungu wanafunzi na wahadhiri wa chuo kikuu na kuwakamata vijana kwa kosa la kufuga nywele.

Baada ya Los Gatos wakaja Almendra, kikundi cha Luis Alberto Spinetta. Katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1969 kuna wimbo ambamo Rodolfo Mederos anapiga bandoneoni, ndugu yake kodiani, ambayo ndiyo ala kuu ya tango. Mwaka 1970 likaanzishwa gazeti la Pelo, na likawa linawatenganisha wanamuziki makundi mawili: wa kimaendeleo na wale wa kujipendekeza. Kwa hiyo nchini Argentina roki ya kimaendeleo haikuwa na maana tu ya nyimbo ndefu, vinanda vya umeme na midundo ya kubadilikabadilika, kama ilivyokuwa Uingereza. Ilimaanisha pia msimamo: kukataa kuamuliwa na soko. Na mtu akishakataa kuamuliwa na soko, lazima atafute pengine pa kusimama. Baadhi yao waligeuka wakaitazama nchi yao.

Ala za jadi kama mapambo

Waliogeuka kwa kishindo zaidi ni Arco Iris. Gustavo Santaolalla, Ara Tokatlian na Guillermo Bordarampé waliishi pamoja kama jumuiya, chini ya mlezi wao wa kiroho aliyeitwa Dana, wakajinyima pombe na dawa za kulevya. Mwaka 1972 walitoa albamu ya santuri mbili, Sudamérica o el regreso a la aurora, ambayo ni opera nzima ya roki kuhusu safari ya shujaa aitwaye Nahuel katika bara la Amerika ya Kusini. Jina hilo kwa lugha ya Wamapuche maana yake ni chui. Ndani yake gita la umeme na saksafoni vinakutana na filimbi za Andes, charango, bombo na midundo ya ngoma za mikoani. Santaolalla alikuwa hajatimiza miaka 22.

Ukiisikiliza kwa makini unakuta kazi kubwa ya kifani imefanyika. Mapigo 6 ya chacarera yanaweza kuhesabiwa kama mafungu mawili ya tatu-tatu, au matatu ya mbili-mbili, na utamu wa ngoma hiyo ni kwamba hesabu zote mbili zinakwenda kwa pamoja. Roki ya kawaida inahesabu mapigo manne, moja kwa moja, kama askari wa gwaride. Mpigaji wa dramu aliyelelewa na roki akijaribu chacarera bila kujifunza, anaivunja mgongo. Vijana hawa walijifunza. Wenzao nao waliingia katika njia hiyo kwa namna mbalimbali. Kundi la Anacrusa la José Luis Castiñeira de Dios na Susana Lago, ambalo albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1973, lilizipanga ngoma za jadi kwa ustadi wa muziki wa kusomwa na wa jazi. Mwaka huo huo Contraluz walitoa albamu ya Americanos. Na baada ya mapinduzi ya Chile ya Septemba 1973, kundi la Los Jaivas, ambalo lilikuwa limeshafika mbali katika kuchanganya roki na muziki wa Andes, lilivuka mpaka likaishi Argentina hadi mwaka 1977, kisha likaenda Ufaransa.

Sasa hapa ndipo kasheshe inapoanza. Nahuel wa Arco Iris ni nani? Ni mwenyeji wa asili wa kwenye ndoto. Hana kijiji kinachojulikana, hana bwana shamba anayemdai, hazungumzi lugha ambayo msikilizaji anaweza kukutana nayo barabarani. Wakati huo watu halisi wa milima ya kaskazini walikuwepo. Vizazi na vizazi vyao walishuka kila msimu kukata miwa kwenye mashamba ya Salta na Jujuy. Wengine walihamia kwenye vibanda vilivyoizunguka Buenos Aires, ambako wenyeji wa mjini waliwaita majina ya dharau kwa ajili ya nywele na ngozi zao. Santuri ile imewaheshimu mababu wa watu hao bila kuwaona wajukuu. Lugones alimjengea sanamu gaucho aliyekwisha kufa. Vijana wa roki, kwa nia njema kabisa, walimjengea sanamu mwenyeji ambaye alikuwa bado hai.

Hatusemi kwamba kazi ile ni mbovu. Kwa upande wa fani iliwafungulia njia wote waliofuata. Tunachosema ni kwamba fani ilitangulia, maudhui yakabaki nyuma yakitweta.

Miaka ya kimya

Tarehe 24 Machi 1976 wanajeshi walipindua serikali. Walitawala hadi Desemba 1983. Tume iliyoundwa baada ya wao kuondoka iliorodhesha mwaka 1984 zaidi ya watu 8,900 waliotoweshwa; mashirika ya haki za binadamu yanataja 30,000. Watu walichukuliwa usiku majumbani, vyuoni na viwandani, wakateswa, na wengi wao hawakuonekana tena.

Watawala hawa nao walijiita walinzi wa mila za taifa. Zamba iliyosifia mandhari haikuwa na tatizo. Zamba iliyotaja njaa ilikuwa na tatizo kubwa. Nyimbo zilikatazwa redioni, na wanaroki walikutana na mkasi huo huo: katika albamu ya PorSuiGieco ya mwaka 1976, wimbo mmoja wa Charly García uliondolewa na kuwekwa mwingine. Mercedes Sosa alikamatwa jukwaani katika mji wa La Plata pamoja na watu waliokuja kumsikiliza, na mwaka 1979 akaenda uhamishoni, Paris kwanza kisha Madrid.

Ajabu ni kwamba udikteta ulifanya kitu ambacho ilani na albamu zilishindwa kukifanya. Uliwaweka wanajadi na wanaroki kwenye orodha moja. Kabla ya hapo walitazamana kwa jicho baya. Kwa mwanajadi mwenye siasa, roki ilikuwa mdomo wa ubeberu. Kwa mwanaroki, muziki wa jadi ulikuwa wa wazee na wa gwaride za shuleni. Sasa wote walikuwa wanafuatiliwa na watu wale wale. Gazeti la Expreso Imaginario, lililotoka kuanzia mwaka 1976 hadi 1983, likawa linazungumzia roki, wenyeji wa asili na mazingira ndani ya kurasa hizo hizo. Katika kitongoji cha Villa Adelina, familia ya Vitale na marafiki zao waliunda jumuiya ya MIA, wakarekodi roki ya kimaendeleo kwa gharama zao na kuiuza wenyewe bila kampuni. Kutoka nyumba hiyo Lito Vitale na wenzake baadaye walikwenda moja kwa moja kwenye muziki wa jadi.

Mwaka 1978 León Gieco, mtoto wa mashambani kutoka Cañada Rosquín mkoani Santa Fe, alitoa wimbo wa Sólo le pido a Dios, wakati Argentina na Chile zilikuwa zinakaribia kupigana vita kwa ajili ya visiwa vya kusini. Kifani ni wimbo mwepesi sana: gita na kinanda cha mdomo. Ni dua ya mtu anayeogopa kuzoea uovu. Huwezi kusema ni roki au ni jadi. Na hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwa sababu mwimbaji wa upande wowote aliweza kuuimba bila kubadilisha nguo.

Mnamo Februari 1982 Mercedes Sosa alirudi nyumbani, utawala wa kijeshi ukiwa bado madarakani, akaimba mfululizo katika ukumbi wa Ópera mjini Buenos Aires. Aliwaalika wanajadi kama Ariel Ramírez na Raúl Barboza, akawaalika pia Gieco na Charly García. Aliimba wimbo wa García, na García akampigia piano. Fikiria maana yake: mwanamke wa Tucumán, aliyekuwa amebeba jina zima la wimbo wa jadi, anaimba maneno ya kijana wa roki wa mjini. Hapa aliyefunguliwa mlango alikuwa mwanaroki, na aliyeufungua alikuwa mwenye nyumba.

Miezi miwili baadaye majenerali waliivamia Malvinas. Redio zikaacha kupiga nyimbo za Kiingereza na zikaijaza nafasi hiyo kwa roki ya Kihispania ambayo jana yake zilikuwa zinaibana. Tarehe 16 Mei 1982 lilifanyika tamasha kubwa la mshikamano mjini Buenos Aires, na wimbo wa Gieco wa kupinga vita uliimbwa huku vita vikiendelea. Vilikwisha kwa kushindwa tarehe 14 Juni, na utawala wenyewe haukuchukua muda mrefu.

Kuwafuata wenye wimbo

Katika miaka hiyo hiyo Gieco alikuwa safarini. Kati ya mwaka 1981 na 1984 alizunguka nchi yake kiasi cha kilomita 110,000, akiimba katika miji na vijiji na kuwasikiliza watu. Ndipo akamshirikisha Santaolalla, yule yule wa Arco Iris, aliyekuwa amehamia Los Angeles mwaka 1978. Wakazunguka na mitambo ya kurekodia, wakarekodi wanamuziki huko huko kwao. Santuri za De Ushuaia a La Quiaca zilianza kutoka mwaka 1985. Ushuaia ni mji wa mwisho kusini. La Quiaca uko kaskazini, mpakani na Bolivia. Kati yao kuna zaidi ya kilomita 5,000 za barabara.

Mmojawapo wa waliorekodiwa ni Sixto Palavecino, mpiga fidla wa Santiago del Estero aliyezaliwa mwaka 1915. Palavecino hakuwa mzee wa kuokotwa porini. Tangu mwaka 1969 yeye na wenzake walikuwa na kipindi cha redio cha kuitetea lugha ya Kikechua ya mkoa wao, lugha ambayo watoto walikuwa wanaonewa aibu kuizungumza shuleni. Baadaye alishiriki hata kuutafsiri utenzi wa Martín Fierro kwa Kikechua. Tusimame hapa kidogo. Kazi iliyofanywa nembo ya taifa la Kihispania inatafsiriwa na mtu ambaye taifa hilo lilikuwa limeisahau lugha yake. Hapa mwenyeji si mhusika wa opera ya mtu mwingine. Ni mhariri, mtangazaji, mfasiri na mwanamuziki mwenye jina lake.

Mwingine aliyehusika ni Leda Valladares wa Tucumán, aliyeishi kati ya mwaka 1919 na 2012. Kwa miaka mingi, kuanzia mwaka 1960, alizunguka akirekodi nyimbo za mikoani na kuzitoa katika mfululizo wa santuri. Alipokutana na wanaroki hakuwataka waipambe baguala kwa vinanda. Aliwataka waiimbe: waache sauti iliyofundishwa na maikrofoni, watoe ile inayotoka tumboni. Mwaka 1989 alitoa Grito en el cielo, ambamo waimbaji wa roki waliketi kwenye nafasi ya mwanafunzi.

Tofauti kati ya albamu ya mwaka 1972 na hizi za baadaye haiko kwenye idadi ya ala za jadi. Tukizihesabu, huenda Arco Iris wakashinda. Tofauti iko kwenye mahali pa mwanaroki. Mwaka 1972 alisimama katikati akazivuta ala zije kwake. Mwaka 1985 alisafiri, akafika, mara nyingine akawa mpiga gita wa pembeni. Fani yenyewe ikabadilika kwa sababu hiyo: mpangilio unapungua, wimbo unabaki na mikwaruzo yake, na msikilizaji wa mjini analazimika kusogea.

Je, hapakuwa na dosari?

Msomaji makini atauliza: mbona jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada ni la Gieco? Ni swali la haki. Bila jina hilo kampuni isingetoa santuri, na bila santuri wengi wasingemsikia Palavecino. Lakini hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba mlango wa kuingilia ulibaki mikononi mwa mtu wa mjini. Vilevile Santaolalla alishinda tuzo ya Oscar mara mbili mfululizo, mwaka 2006 na 2007, kwa muziki wa filamu, na katika muziki wake ronroco, ndugu wa charango wa milima ya Andes, ndiyo alama yake inayojulikana duniani. Ronroco imefika Hollywood. Wapigaji wa vijijini hawakupanda ndege hiyo.

Upande wa pili wa mzani kuna mwaka 1993. Kundi la roki nzito la Divididos, likiwa na Santaolalla kama mtayarishaji, lilirekodi El arriero wa Atahualpa Yupanqui, wimbo kuhusu mtu anayeswaga ng'ombe ambao si wake. Gita la umeme linaunguruma mwanzo hadi mwisho, hakuna filimbi wala charango. Kwa kipimo cha mapambo, hakuna jadi hapo. Kwa kipimo cha maana, Yupanqui yupo mzima, na kijana wa kiwandani anayeusikia anajua fika ng'ombe wanaozungumziwa ni wepi. Na mwaka 2001, katika mji ule ule wa Cosquín, likaanza tamasha la roki.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya roki na muziki wa jadi nchini Argentina haieleweki kwa kuhesabu ala. Jadi yenyewe ilikuwa mchanganyiko wa Andes, Hispania na Afrika, na mara kadhaa ilipakwa rangi na wenye madaraka walioipenda ikiwa kimya. Roki haikuwa na asili ya kuchafua. Ilikuwa na uchaguzi wa kufanya: kumtumia mwenye wimbo, au kumfuata.

Kwa mhakiki, hapa kuna kazi. Tunaposoma riwaya, tamthiliya au diwani iliyotia ngano, vitendawili na nyimbo za wazee, tusiishie kuandika kwamba mwandishi ametumia fasihi simulizi kwa mafanikio makubwa. Sentensi hiyo tumeiandika kwenye mitihani mpaka imechakaa. Tuulize ngano hiyo ilisimuliwa na nani, kama msimulizi ana jina ndani ya kitabu, na kama anaruhusiwa kusema jambo ambalo mwandishi hakulitarajia. Palavecino alikuwa na la kusema toka mwaka 1969, tena redioni. Waliochelewa kufika ni wasikilizaji.